Wanyama wa majaribio Kigoma na Tabora: kuanzia andiko la utafiti hadi siku ya mwisho ya mnyama

Anayetaka kupima mzizi wa dawa kwa panya weupe Tabora, au kuweka samaki kwenye matangi Kigoma ili apime sumu ya maji, huanza kwa kuuliza kibali kinatoka wapi. Swali hilo lina haki yake, lakini lipo linalolitangulia: mnyama akifika hali gani jaribio lisimamishwe, na usiku huo nani atakuwepo kumwona? Andiko lisilojibu hili linaweza kupigwa mihuri yote na bado mnyama akafa polepole kizimbani kati ya Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi. Mihuri inakuja, tutaieleza. Ila kila hatua hapa chini inarudi kwenye swali hilo la kikomo.

Hatua ya 1: Jua ni sheria ipi inakugusa

Sheria mama ni Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya 2008. Imejengwa juu ya msingi kwamba mnyama ni kiumbe mwenye hisia, na wanyama wa utafiti hawako nje yake. Usimamizi wake uko wizara inayohusika na mifugo, Dodoma, chini ya Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo. Daktari wa wanyama utakayemwandika kwenye andiko lako awe amesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari, Na. 16 ya 2003. Jina la ndugu aliyewahi kusomea mifugo halitoshi. Kuhamisha wanyama kutoka mkoa hadi mkoa kunaangukia Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Na. 17 ya 2003, hivyo pita kwa ofisa mifugo wa halmashauri kabla ya safari, si baada ya kufika.

Mnyama wa porini ni habari nyingine. Hapo inaingia Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya 2009, na maombi ya utafiti hupitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), Arusha. Ukitaka kuingia hifadhi za Gombe au Mahale, TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) nao wana neno lao. Mtafiti asiye raia anahitaji kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia). Kama utafiti unachukua pia damu au sampuli za binadamu, maadili yake yanapitia NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), ambayo ina kituo Tabora. Wa samaki waanze kwa kuzungumza na TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi) Kigoma, kwa kuwa Sheria ya Uvuvi, Na. 22 ya 2003, haisahau samaki eti kwa sababu amevuliwa kwa ajili ya sayansi.

Kabla ya hayo yote kuna kamati ya maadili ya chuo au taasisi yako. Peleka andiko mapema, na panga ratiba yako ukijua kwamba litarudishwa angalau mara moja na maswali. Kurudishwa si uadui.

Tahadhari moja kuhusu fomu za kunakili mtandaoni. Sheria ya ustawi wa wanyama ya Marekani ya mwaka 1966, jinsi ilivyo sasa, haiwahesabu panya wa jamii za Rattus na Mus wala ndege waliozalishwa kwa ajili ya utafiti. Anayenakili fomu iliyoandikwa kwa sheria hiyo anaweza kuamini kwamba panya wake hawahitaji maelezo. Hapa wanayahitaji.

Hatua ya 2: Andika idadi ya wanyama unayoweza kuitetea

Mwaka 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, waliweka maswali matatu ambayo kamati karibu zote duniani bado zinayauliza: je, mnyama anaweza kuachwa kabisa? Kama hapana, wanaweza kupungua? Na hao watakaobaki, mateso yao yatapunguzwaje?

Kwa mikoa hii miwili, yenye malaria nyingi, swali la kwanza lina mfano ulio karibu. Maabara inayofuga mbu huhitaji damu, na njia ya zamani ni kumfunga sungura au simbilisi juu ya kizimba cha mbu ili wamnyonye. Badala yake chukua damu ya ng'ombe machinjioni, iwekee hepari isigande, ipashe moto hadi nyuzi 37 kwenye kifaa chenye utando, na mbu watanyonya kupitia utando huo. Kinachokwamisha watu ni joto: damu ikishuka hadi nyuzi 30 mbu wanaikataa, mtafiti anasema njia haifai, na sungura anarudishwa. Tatizo huwa ni maji ya moto yaliyopoa tu.

Kwa idadi, kama huna takwimu za awali za kukokotolea, tumia hesabu hii: jumla ya wanyama, toa idadi ya makundi, jibu liwe kati ya 10 na 20. Makundi 4 ya panya 5 ni 20, toa 4, unabaki na 16. Inatosha. Makundi 4 ya panya 10 yanakupa 36, na hao wa ziada hawaongezi ujuzi wowote. Makundi 4 ya panya 3 yanakupa 8. Watu hudhani huo ni wema, lakini jaribio dogo mno halijibu kitu, na panya 12 watakuwa wamekufa bure.

Wanaopima sumu ya dawa za miti wasikilize hapa vizuri. Kipimo cha zamani cha kutafuta dozi inayoua nusu ya wanyama, kilichotumia panya kwa makumi, OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo) ilikifuta kwenye miongozo yake mwaka 2002. Bado kinaonekana kwenye maandiko ya wanafunzi. Mwongozo Na. 423 wa OECD unatumia panya 3 kwa kila hatua, kwa kawaida majike, na dozi nne tu: miligramu 5, 50, 300 na 2,000 kwa kila kilo ya uzito. Kama hujui lolote kuhusu mmea huo, anza na 300. Wakifa 2 au 3, shuka hadi 50. Asipokufa yeyote, au akifa mmoja, rudia 300 kwa panya wengine 3. Matokeo yakiwa vilevile, panda hadi 2,000. Wanyime chakula kabla ya kuwapa dawa: panya wadogo (jamii ya Mus) kwa saa 3 hadi 4, panya wakubwa (jamii ya Rattus) usiku mzima, maji wanaachiwa. Wachunguze ndani ya nusu saa ya kwanza, kisha mara kwa mara katika saa 24, hasa saa 4 za mwanzo, halafu kila siku hadi siku 14.

Na sentensi ambayo wengi hawaisomi: mnyama aliyeuawa kwa huruma kwa sababu amezidiwa anahesabiwa sawa na aliyekufa. Kwa hiyo hakuna sababu ya kisayansi ya kumwacha afe mwenyewe.

Hatua ya 3: Andika kikomo kabla mnyama hajafika

Kikomo kiandikwe kwa maneno ambayo mhudumu aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuyatumia peke yake usiku. "Mnyama akiteseka sana" hakitumiki, kwa sababu kila mtu ana "sana" yake. Andika hivi: uzito umepungua kwa asilimia 20 ya uzito wa siku ya kwanza, au hali na hanywi kwa saa 24, au hawezi kufika kwenye chupa ya maji, au anahema kwa kufungua mdomo, au amelala ubavu na akiguswa haamki. Moja tu kati ya hizo likitokea, mnyama anaondolewa kwenye jaribio na anauawa kwa njia iliyoidhinishwa, saa hiyohiyo.

Panya wachanga wanaokua wana mtego wao. Panya aliyeingia na gramu 100 na bado ana gramu 100 baada ya wiki mbili anaonekana hajapungua, kumbe wenzake wa kundi linganishi, lisilopewa dawa, wamefika 150. Huyo yuko pabaya. Linganisha na kundi, si na siku ya kwanza peke yake.

Chini ya kikomo weka dalili za mapema, zinazoita daktari bila kumaliza jaribio: manyoya kusimama na kukosa mng'aro, mgongo kukunjwa, macho kufumbwa nusu, kujitenga kona, utando mwekundu puani au machoni kwa panya wakubwa. Utando huo si damu. Ni majimaji ya tezi ya jicho yanayotoka panya akiwa na msongo au ugonjwa, na mhudumu asipoelezwa ataandika "anatoka damu" na kukutia hofu isiyo na sababu.

Mpe mhudumu mamlaka kwa maandishi. Kama lazima ampigie mtafiti mkuu aliyeko Dar es Salaam na simu haipokelewi, kikomo hakipo.

Hatua ya 4: Banda

Joto linalofaa panya ni nyuzi 20 hadi 26. Tabora mwezi Oktoba, kabla mvua hazijashika, chumba chenye bati bila dari kinapita 30 mchana bila shida. Panya hana jasho la kumsaidia. Huanza kwa kulala wametawanyika, halafu kutokwa mate na kulowesha manyoya ya kifua, halafu vifo. Weka dari, madirisha ya pande mbili zinazotazamana yenye wavu mzito, na rafu mbali na ukuta wa magharibi. Feni iwe ya kutoa hewa nje, isiwapulize. Kiyoyozi ni kizuri, lakini andika utafanya nini umeme ukikatika: nani anafungua madirisha, kufuli la chumba liko kwa nani. Kipimajoto kinachoonyesha nyuzi za juu kabisa na za chini kabisa kina thamani kuliko kiyoyozi kisichosomwa.

Kizimba kiwe na sakafu nzima, si wavu. Wavu huchubua nyayo, vidonda vikaoza. Kipimo cha Umoja wa Ulaya ni kizuri kufuata: kwa panya wadogo eneo lisipungue sentimita za mraba 330 na kimo sentimita 12, kwa panya wakubwa 800 na kimo 18. Panya mdogo wa gramu 20 hadi 25 anahesabiwa sentimita za mraba 70, kwa hiyo kizimba hicho kidogo kinachukua 4. Panya mkubwa hadi gramu 200 anahesabiwa 200. Beseni la plastiki gumu lenye kifuniko cha wavu linafaa kabisa, mradi kifuniko kifungwe kwa waya pande zote. Usiwaweke panya wakubwa na wadogo chumba kimoja: panya mkubwa humla mdogo, na harufu yake peke yake humtia mdogo hofu inayobadilisha matokeo yako.

Maranda ndipo Tabora ina jambo lake. Mafundi seremala wapo wengi na maranda ni ya bure, lakini mengi ni ya mninga, ambao vumbi lake huwasha pua na ngozi, au ya paini, ambayo harufu yake hubadilisha utendaji wa ini. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa ni sumu moja kwa moja. Mwombe fundi akutengee maranda ya mti mmoja usio na harufu kali na usiotiwa dawa, yachekeche vumbi litoke, yaanike juani, kisha yapitishe kwenye joto kama una mashine ya kuchemshia vifaa. Usiyahifadhi ghala moja na tumbaku wala dawa zake za wadudu. Badilisha mara mbili kwa wiki. Ukiingia asubuhi macho yakawasha kwa harufu ya mkojo, ulichelewa: pua ya panya iko sentimita mbili tu kutoka kwenye chanzo.

Chakula ndicho huharibu tafiti nyingi kimyakimya. Cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi mno, huleta mawe kwenye figo na kibofu. Cha kuku wa nyama mara nyingi kina dawa za kuzuia koksidia (vijidudu vya utumbo). Mahindi na mashudu ya karanga yaliyohifadhiwa vibaya yana sumukuvu, ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kwa panya huharibu ini polepole, na wewe unayepima kama mmea wako unalinda ini utasoma matokeo ya karanga. Nunua mzigo mmoja utakaotosha jaribio zima, uweke juu ya chaga, pakavu, na uandike tarehe. Panya mdogo hula gramu 3 hadi 5 kwa siku na kunywa mililita 4 hadi 7. Panya mkubwa hula gramu 15 hadi 25 na kunywa takriban mililita 10 kwa kila gramu 100 za uzito. Chupa ya maji ambayo haikupungua asubuhi ni ama mnyama mgonjwa au kichuruziko kimeziba. Gonga uone.

Simbilisi hatengenezi vitamini C mwilini mwake. Mpe miligramu 10 kwa kilo kila siku, na jike mwenye mimba mara tatu ya hapo. Mchicha na pilipili hoho vinasaidia. Penisilini usimpe kabisa, inamuua kwa kuvuruga bakteria wa utumbo wake.

Miguu ya rafu iwekwe kwenye makopo yenye mafuta. Siafu wakiingia usiku mmoja, asubuhi hutakuta jaribio.

Hatua ya 5: Safari na siku saba za kwanza

Panya wengi hutoka Dar es Salaam au Morogoro, na kutoka Dar hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200. Wasisafiri kwenye buti la basi. Joto, vumbi na moshi wa ekzosi huwamaliza kabla ya Singida. Tumia gari lenye nafasi ya ndani, ondokeni jioni, na sanduku liwe na matundu pande zote nne, si juu tu. Usiwawekee chupa za maji, zitamwagika kwa mtikisiko na kuwalowesha. Weka vipande vya tango au viazi vibichi vilivyooshwa. Jike mwenye mimba asisafiri.

Wakifika, siku 7 hakuna sindano wala dawa. Uzito hushuka kwa safari na hurudi ndani ya siku chache. Anayeanza jaribio siku ya pili anapima uchovu wa barabara. Siku hizo tumia kuwazoesha mkono, kwa kuwashika dakika mbili kila siku. Panya mdogo mpokee kwa kiganja au kwa bomba la plastiki. Kumnyanyua kwa mkia humjengea hofu ya mtu.

Hatua ya 6: Sindano, damu, nusu kaputi

Kwa mdomo, kipimo cha kawaida ni mililita 10 kwa kilo: panya wa gramu 25 anapata mililita 0.25, wa gramu 200 anapata mililita 2. Kila mnyama apimwe uzito siku hiyohiyo. Mrija wa kulishia uwe na ncha ya mviringo, na kabla ya kuingiza upime nje ya mwili kutoka mdomoni hadi ubavu wa mwisho. Ukikutana na ukinzani, toa, anza upya. Anayesukuma kwa nguvu huingiza dawa mapafuni, panya hufa ndani ya dakika chache, na kifo kinaandikwa kuwa ni sumu ya mmea. Kila kifo cha saa ya kwanza kipasuliwe na mapafu yatazamwe.

Damu: usizidishe asilimia 10 ya damu yote ndani ya wiki mbili. Panya wa gramu 25 ana takriban mililita 1.8, kwa hiyo unachukua 0.18 basi. Panya wa gramu 250 ana takriban 16, unachukua 1.6. Kama maabara inataka mililita 1 kutoka kwa panya mdogo aliye hai, badilisha kipimo cha maabara.

Kwa nusu kaputi ya panya mdogo, ketamini miligramu 80 hadi 100 kwa kilo pamoja na zailazini 5 hadi 10, tumboni. Kosa la kila siku liko kwenye hesabu: panya wa gramu 25 anahitaji ketamini miligramu 2.5, na dawa ikiwa na miligramu 50 kwa mililita hiyo ni mililita 0.05, ambayo sindano ya mililita 2 haiwezi kuipima. Punguza dawa mara kumi kwa maji ya chumvi safi ya sindano, utampa mililita 0.5. Macho yake yatabaki wazi, yapake mafuta ya macho yasikauke. Na mlaze juu ya kitambaa chenye joto hata kama wewe unatoka jasho: mwili mdogo hupoa haraka ukiwa usingizini, na panya wengi hufa kwa baridi baada ya upasuaji uliokwenda vizuri.

Samaki wa Kigoma

Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH (kipimo cha tindikali na alikali) karibu na 9, na hapo ndipo mwongozo wa samaki ulioandikwa kwa maji mengine unapokudanganya. Amonia ya kinyesi ina sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine nafuu. Kwenye pH 7 sura yenye sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 na nyuzi 25 ni takriban theluthi moja. Kiasi kilekile cha amonia ambacho kwingine kingevumilika, hapa kinaua. Hivyo samaki wachache kwa tangi, chakula kidogo kinachoisha ndani ya dakika chache, na robo ya maji ibadilishwe kila siku hadi chujio lizoee. Wanyime chakula saa 24 kabla ya kuwasafirisha. Mfuko uwe na maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili. Dagaa hawavumilii wavu, magamba hupukutika na wanakufa. Kama swali lako linaweza kujibiwa na dagaa waliokwisha kuvuliwa na wavuvi, jibu hapo.

Samaki wa tangini harudishwi ziwani. Awe wa kigeni au wa kutoka ufuko mwingine wa ziwa hilohilo, hubeba magonjwa na mbegu isiyo ya mahali pale, na samaki wengi wa mawe wa ziwa hili hawapatikani kwingine duniani.

Hatua ya mwisho: kuua, na mizoga

Eta na klorofomu ziachwe. Eta huwasha pua na hulipuka. Klorofomu huharibu ini, la panya na la anayeishika. Kwa gesi ya kaboni dayoksaidi, weka wanyama kwanza kwenye chombo kisicho na gesi, kisha ingiza asilimia 30 hadi 70 ya ujazo wa chombo kwa dakika: chombo cha lita 20 kinapata lita 6 hadi 14. Bila kipimo cha mtiririko kwenye mtungi huwezi kujua unafanya nini. Kuvunja shingo kwa mkono kunakubalika kwa panya wadogo, na panya wakubwa wasiozidi gramu 200, kwa mtu aliyefundishwa kwa mizoga kwanza. Vyovyote vile, thibitisha kifo kwa njia ya pili. Panya waliodhaniwa wamekufa wameamka kwenye mfuko wa taka.

Kwa samaki, tumia MS-222 (dawa ya usingizi ya samaki) miligramu 250 kwa lita ikisawazishwa na baikaboneti ya sodiamu, na abaki humo dakika 10 baada ya mashavu kuacha kucheza. Mafuta ya karafuu hupatikana kwa urahisi zaidi, lakini hayayeyuki majini: changanya kwanza sehemu 1 ya mafuta na 9 za ethanoli, la sivyo yataelea juu na samaki atahangaika chini.

Daftari lifungwe kwa kuandika kila mnyama: namba yake, tarehe, uzito wa mwisho, amekufaje, na nani alikuwepo. Mizoga ichomwe kwenye tanuri la hospitali kwa makubaliano ya maandishi, au izikwe kwenye shimo refu lenye chokaa, mbali na kisima. Sungura, kuku au samaki aliyepewa dawa ya jaribio haendi jikoni kwa mtu yeyote, hata wa kundi linganishi, na mhudumu aelezwe hivyo siku anayoajiriwa, kabla hajaanza kumhesabu kuwa kitoweo.